Walinzi wa Maman Adèle

Mke wangu Adèle hakwenda mkutanoni kusema. Alikwenda kwa sababu kutokwenda kungeonekana. Jumamosi ile, baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, watu wa Cimpunda tuliambiwa tusirudi nyumbani na majembe na mafagio yetu, bali tupande moja kwa moja hadi ukumbi wa parokia, ambako komanda wa wanajeshi walioshika mji angekuja kusikiliza raia. Vita vya pili vya nchi yetu vilikuwa vimeingia mwaka wa pili, na tangu vianze hakuna aliyewahi kutusikiliza. Mtu asiyekuamkia mwaka mzima, siku moja akikuuliza habari za afya yako, funga mlango.

"Tunakaa nyuma," nilimwambia Adèle njiani. "Tunasikia, tunapiga makofi, tunarudi."

"Kwani mie nimesema nini?"

"Bado. Lakini nakujua."

Nilikuwa na haki ya kuogopa. Juu ya dari yetu alikuwa anaishi Floribert, mdogo wangu. Wanajeshi walikuwa wamemshusha kwenye minibasi barabara ya Walungu, wakampeleka kambini, wakampa bunduki, naye akatoroka. Aliyetoroka akikamatwa harudishwi kambini. Anapigwa risasi mbele ya wenzake ili wapate somo. Kwa hiyo Floribert alilala juu ya triplex, zile mbao nyembamba za dari, kati ya mabati na sebule yetu, akashuka tu tukishafunga mapazia. Katika avenue nzima hakuna aliyejua, hata Bintu, jirani yetu wa chini kilimani, ambaye Adèle alikuwa akimsimulia mpaka ndoto zake.

Mimi ni sekretari katika chuo kimoja cha mjini, mtu wa mihuri na mafaili, na sioni haya kusema kwamba ni mwoga. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nilitaka kicheko kiendelee kuja kwetu.

Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo Apollinaire, mtu wa protokoli, alitumia megafoni. Kila aliyesema alitajwa na mwenzake, jina na avenue, na Apollinaire akayarudia kwa sauti ili waliobaki nje wasikie. Wa kwanza alisema juu ya takataka. Wa pili alisema juu ya mtaro unaomwaga matope nyumbani kwake. Wa tatu alishukuru, basi, alishukuru tu. Komanda alikuwa mtu mpole, mwenye Kiswahili kilichonyooka cha mtu aliyesoma mbali, na kila mmoja alimwitikia kwa kichwa.

"Semeni bila woga," alisema. "Hapa sisi ni familia."

Hakuna aliyetaja robinet. Na wote tulikuwa tukiifikiria robinet. Ndiyo pekee iliyokuwa bado ikitoa maji kwetu, kule bondeni, na wanajeshi walikuwa wameweka kituo chao hapo hapo. Wasichana waliokwenda na bidon zao, yale madumu ya maji, walizuiwa, eti wapike, eti wafue. Wengine walirudi jioni, wengine kesho yake, na waliporudi walitazama chini. Larissa, binti wa Bintu, alikuwa amerudi kesho yake. Ni mwanafunzi wa Adèle, na ni mtoto wake wa ubatizo, na sisi ambao Mungu hajatupa mtoto tulikuwa tumemfanya wetu. Bintu alitangaza kwamba binti yake ana malaria. Avenue nzima ikakubali kwamba ni malaria. Tukampelekea machungwa.

Sasa Larissa alikuwa amekaa na mama yake benchi mbili mbele yetu, amefunika kichwa kwa kitambaa, na Adèle alikuwa anamtazama shingo. Nilishika kikwembe chake, kile kitenge alichojifunga. Nilichelewa.

Nitamtetea mke wangu hapa: hakuwa mjinga. Hakutaja jina, la mtoto wala lake.

"Mie ni mama tu wa hapa Cimpunda," alisema akiwa nyuma kule kule. "Papa komanda, tunaomba kitu moja. Batoto betu ba kike banaenda kuteka maji, banarudia bila bidon na bila sauti. Basoda benye kuwa ku robinet, tunaomba batoke pale. Ni ile tu."

Akakaa. Hakusema mtoto wa nani, hakusema siku gani. Wanawake waliguna, ule mguno wa kanisani. Komanda alinyoosha shingo aone nani kasema, lakini kulikuwa na vitambaa vya kichwa vingi mbele yake na mimi ni mpana. Nikaanza kupumua.

Ndipo akasimama Papa Zagabe.

Inabidi mjue kwamba kwetu mtu wa heshima hajitaji mwenyewe. Kujitaja ni kwa watoto na wageni. Mwenye heshima anatajwa na mwingine, kwa ukamilifu: mume wake, kazi yake, nyumba yake. Mama akisema neno zuri mbele ya wakubwa, kisha akaachwa akae bila kutajwa, ni aibu kwa avenue nzima, kana kwamba hana watu. Na Papa Zagabe, mwalimu wa kwaya, ndiye aliyetusimamia siku ya ndoa yetu. Anatupenda mzee yule. Sijawahi kupendwa vibaya namna ile.

"Protokoli, pardon," alisema. "Mama ya namna hii hatuwezi kumuacha aseme sawa mutu wa njia. Huyu ni Maman Adèle, enseignante, anafundisha batoto betu. Bibi ya Papa Donatien, wa bureau kule chuo. Banakaa avenue yetu, chini ya parokia, parcelle ya mulango ya bulu, pembeni ya mulin. Mutu yeyote atakuonyesha."

Apollinaire akayarudia yote kwa megafoni, polepole, mpaka mlango wa bulu. Ukumbi ukapiga makofi. Komanda alisimama, akaweka mkono kifuani, akainama kidogo kuelekea kwetu.

"Maman Adèle," alisema. "Asante. Nimeshika."

Tulishuka kilima karibu kwa kukimbia. Mkutano ulipovunjika tulitoka kwa mlango wa nyuma, tukapita njia za matope nyuma ya vyoo vya watu, na njiani tukapanga. Floribert atavaa koti langu la mvua, atabeba gunia la makaa kichwani ili uso ufichike, ataondoka sasa hivi, mchana, wakati njia ina watu. Jioni awe Mumosho kwa shangazi yetu. Adèle alikuwa analia na kupanga kwa pamoja, jambo ambalo ni yeye tu anayeliweza.

"Nilificha jina," alikuwa akisema. "Donatien, si nilificha jina?"

"Ulificha. Songa mbele."

Tulipokata kona ya mulin, ile mashine ya kusaga unga, uwanja wetu ulikuwa umejaa. Walikuwa wamepita njia kubwa, wakatutangulia. Kulikuwa na viti vya plastiki, madumu ya kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, dagaa wetu wa sambaza wa kukaanga katika sahani ya mtu nisiyemjua. Kwaya ya Papa Zagabe ilikuwa imesimama mbele ya mlango wa bulu na inaimba. Wamekuja kumpongeza mama. Ungewaambia nini? Rudini kwenu, tuna mtu darini? Kati ya watu wale wote, ningeweka mkono wangu motoni kwamba wangapi hawatasema? Nilisema karibuni. Nilikunywa kasiksi. Nilicheka mahali pa kucheka. Ndani, juu ya vichwa vya wageni walioingia kukaa kwenye makochi yetu, ndugu yangu alikuwa amelala kimya akingoja waende, na hawakwenda.

Komanda alifika saa za alasiri, kwa miguu, maana jeep haifiki kwetu. Nyuma yake walikuwa wanajeshi wawili wamebeba mikeka.

"Maman," alisema, mbele ya watu wote, "anayesema ukweli anapata maadui. Nisingelala vizuri nikijua uko peke yako. Vijana hawa watakaa kwako mpaka mkutano wa Jumamosi ijayo. Wakikusumbua, niambie mimi."

Majirani walipiga makofi tena. Wengine kwa furaha, nadhani. Bintu hakupiga. Alimshika Larissa mkono wakaondoka, na hapo nikajua kwamba angalau mtu mmoja ameelewa.

Walilala sebuleni. Mmoja alikuwa mtu mzima, mwenye mvi kidevuni, mwingine kijana. Tundu la kupandia darini lilikuwa katika kona ya sebule hiyo hiyo, juu ya kabati la vyombo, limefunikwa na kipande cha triplex. Siku zote mmoja wao alikuwa ndani. Mmoja akitoka kuoga, mwingine anasafisha bunduki. Na kibaya zaidi, hawakuwa watu wabaya kwetu. Kijana alimwita Adèle maman, alimsaidia kuosha sufuria. Mzee alinisimulia ng'ombe wa baba yake. Nilikuwa namsikiliza nikihesabu ni ubao gani uliolia juu ya kichwa chake.

Adèle alianza kuomba mvua. Sijawahi kumwona akiomba hivyo hata tulipokuwa tunatafuta mtoto. Mvua ikinyesha juu ya mabati yetu husikii hata unachosema mwenyewe, na hapo Floribert angeweza kugeuka, kukohoa, kunywa kutoka tundu la bati ambalo siku zote nilikuwa naahidi kuliziba. Isiponyesha, nilifungulia redio nyimbo za injili mpaka betri zikafa. Chakula alikuwa na karanga kidogo ndani ya kopo, basi. Usiku nililala nikisikiliza kama anapumua. Usiku mmoja sikusikia kitu, nikauma shuka nisilie.

Siku ya nne mzee alikuwa anakula, akaangalia juu.

"Maman, bati yenu inavuya," alisema.

Kwenye triplex nyeupe kulikuwa na alama ya rangi ya chai, inapanuka. Haikuwa mvua. Mtu aliyelala siku nne bila kushuka ana mwili, na mwili haungoji ruhusa.

"Ndiyo papa," Adèle alisema. "Inavuya."

"Lakini leo mvua haikunyesha."

"Ni ya jana. Inabakia mu triplex, kiisha inatoka pole pole."

Mzee alitafuna, akafikiri. Alikuwa mtu wa mikono, alitutengenezea hata bawaba ya mlango wa jikoni.

"Tukiwa bado hapa Jumapili, siku ya Mungu, nitapanda nikuzibie," alisema. "Siwezi kula chakula yako bure."

Adèle alimshukuru. Aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, nikamfuata, nikamkuta ameshika ukuta kwa mikono miwili.

Kesho yake komanda alipita kusalimia. Alikaa, akakubali chai. Alisifu usafi wa nyumba. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya chai, kwamba Jumamosi raia wangependa kusikia kutoka kwa Maman Adèle kama usalama umekuwa mzuri. Labda, alisema, yale ya robinet yalikuwa maneno ya kusikia. Wanawake wanasikia mengi. Kama ni hivyo, hapana tatizo, yeye si mtu wa kinyongo, atawaondoa vijana siku hiyo hiyo. Kama bado kuna hofu, ataongeza wengine wawili.

Alipoondoka tulikwenda kukaa jikoni, tukachambua maharage ambayo yalikuwa yamechambuliwa tayari.

"Unataka niseme nini?" Adèle aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Sema walivyotaka."

"Larissa atakuwa pale."

"Najua."

"Ni mutoto wangu wa ubatizo, Donatien. Nilimubeba mbele ya padri."

"Na huyu wa juu ni mutoto wa mama yangu," nilisema. "Wakibaki, Jumapili mzee atapanda amvute miguu. Sema walivyotaka."

Nilisema hivyo, na hata leo ningesema hivyo. Anayenilaumu aje kwanza akae chini ya dari ile.

Jumamosi hakukuwa na haja ya kutafuta benchi ya nyuma. Walitutengea viti mbele. Papa Zagabe alimtaja Adèle upya, kwa mapambo zaidi, na Apollinaire akarudia. Larissa na Bintu walikuwa wamekaa upande wa kushoto, karibu na dirisha. Nilitumaini wasingekuja. Lakini kutokuja kungeonekana.

Adèle alisimama. Alikuwa amevaa kikwembe chake cha Pasaka.

"Wiki ile nilisema maneno ya kusikia tu," alisema. "Sikuona na macho yangu. Basoda balikaa kwangu, bako na heshima. Tunashukuru papa komanda. Ku robinet hakuna shida."

Angekaa hapo. Lakini komanda aliinama mbele, kwa upole, kama mwalimu anayemsaidia mtoto kumaliza hesabu.

"Kwa hiyo, maman, hakuna msichana aliyezuiwa pale?"

Adèle alimtazama komanda tu. Hakutazama kushoto.

"Hakuna," alisema.

"Hata mmoja?"

"Hata moja."

Ukumbi haukupiga makofi. Komanda ndiye aliyeanza, akapiga peke yake mara chache, ndipo wengine wakafuata kwa uchovu. Katikati ya makofi yale niliona kitambaa cha kichwa kikiinuka karibu na dirisha. Bintu alikuwa anamvuta binti yake gauni kwa mikono yote miwili, anamvuta kwa nguvu za kumwangusha, na msichana alikuwa amesimama tu.

Hakuna aliyemtaja. Papa Zagabe alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Mie ni Larissa," alisema. Sauti yake ilikuwa nzito, sauti ambayo haijatumika kwa muda. "Mutoto ya Bintu. Tunakaa chini ya kwa Maman Adèle, nyumba ya mbao, iko na muti ya avocat mbele. Bidon yangu ya rangi ya jaune iko kule ku robinet mupaka leo. Muende muiangalie."

Apollinaire alikuwa ameinua megafoni mdomoni kwa mazoea. Aliishusha bila kurudia. Haikusaidia kitu. Wote tulikuwa tumesikia.

Komanda alimtazama msichana, akaweka mkono kifuani.

"Asante, binti," alisema. "Umesema vizuri. Nimeshika."

Nje, Adèle alisimama kando ya ukuta wa parokia akiwangoja. Bintu alipita karibu yetu akimsukuma Larissa mbele yake. Adèle alinyoosha mkono. "Bintu," alisema, "dada, ngoja." Bintu hakungoja.

Komanda alitimiza neno lake. Alasiri wale wawili walikunja mikeka yao. Mzee alimwomba Adèle radhi kwamba anaondoka bila kuziba bati. Kijana alimpa mkono kwa mikono miwili. Tulisimama mlangoni tukawaangalia wakitoka uwanjani, mikeka begani, nikasubiri wapinde kulia, kwenye njia inayopanda kwenda kambini. Walipinda kushoto. Walishuka ngazi za udongo, wakapita chini ya mti wa avoka, wakabisha kwa Bintu.

Nilifunga mlango na mapazia, nikapanda juu ya kabati. Floribert hakuweza kushuka mwenyewe. Nilimvuta kwa kwapa akaniangukia, mwepesi, ananuka, midomo imepasuka. Kesho, watu wakitoka misa ya kwanza, angeondoka nao kwenda Mumosho. Nilimpa maji kwa kijiko. Alikuwa hai. Nilikuwa nimeyaomba haya wiki nzima, na nilipoyapata sikusikia furaha hata chembe.

"Shemeki," Floribert alimwambia Adèle, akiwa amelala sakafuni. "Usiku, bakifikiri munalala, balikuwa banazungumuza. Juu ya ile robinet. Juu ya babinti ba pale, banani na banani. Balikuwa banacheka."

Adèle alikuwa anampangusa uso. Aliacha. Alikunja kile kitambaa cha maji vizuri, akakiweka kando ya beseni. Akaingia chumbani, akatoka na mkeka wetu na blanketi.

"Unaenda wapi?" nilimuuliza. "Saa ya kutotembea iko karibu."

"Kwa Bintu."

"Bintu hatakufungulia."

"Najua. Nitapita tu." Alijifunga kikwembe kiunoni mara mbili, kama anayekwenda shambani. "Nitalala kati ya Larissa na mulango. Kila siku, mupaka batoke. Bakitaka kupita, bapite juu yangu."

Nilitaka kumwambia kwamba ni wazimu, kwamba mwanamke mmoja juu ya mkeka hazuii bunduki mbili. Alilijua hilo kuliko mimi. Nilimwachia Floribert kikombe cha maji karibu na mkono, nikachukua mkeka kutoka kwa Adèle, nikamtangulia kwenye ngazi za udongo, mimi mwoga.

Tulibisha. Ndani tulisikia Bintu akisema hapana, asiingie mtu. Kisha mlango ukafunguliwa. Alikuwa yule kijana, ameshavua viatu, ameshika kikombe cha chai cha Bintu.

"Karibu, maman," alisema, akasogea pembeni, kama mwenye nyumba.